Hilux ya 22R inazima juani: nifunge pampu ya umeme?

*"Shikamoo fundi. Nina Hilux pick-up ya zamani, injini 22R ya kabureta, nabebea asali na karanga kutoka Sikonge kuja Tabora mjini. Asubuhi haina shida kabisa. Ikifika saa saba, saa nane mchana, hasa nikisimama kupakia injini ikiwa ya moto, nikiwasha inaunguruma kidogo halafu inajizima. Nikisubiri kama nusu saa inawaka utadhani haikuwa na tatizo. Fundi wangu kasema pampu ya mafuta imechoka, tuitoe hiyo ya kwenye injini tufunge ya umeme. Anayo moja iliyotolewa kwenye Corolla ya EFI, anataka elfu arobaini na tano pamoja na kufunga. Dereva mmoja jirani yangu anasema ya umeme inapunguza ulaji wa mafuta. Shemeji yangu anasema itaniunguzia gari. Nimsikilize nani? Na ile ya zamani niitoe, au niiache palepale iwe akiba?"*

Marahaba. Fundi wako huenda amepatia ugonjwa, ila dawa aliyokuletea siyo. Jirani yako amekosea. Shemeji yako ana sababu ya kuogopa, ingawa kinachoogopesha kinazuilika. Na kabla sijaanza maelezo: ile pampu ya Corolla ya EFI (mfumo unaorusha mafuta kwa nozeli badala ya kabureta) usiifunge, hata ukipewa bure.

Tuanze na pampu uliyonayo. Kwenye 22R imefungwa mbele, juu ya silinda hedi. Kemshafti ikizunguka, kipande cha mviringo kilichofungwa kwenye ncha yake kinausukuma mkono wa pampu, mkono unaivuta daiframu (utando wa mpira unaopinda), na petroli inanyonywa kutoka tangini kule nyuma. Halafu springi inairudisha daiframu na kuisukuma petroli iende kabureta. Zingatia hapo: presha ya kwenda kabureta inatoka kwenye springi. Kemshafti kazi yake ni kuikaza tu hiyo springi. Kabureta ikijaa, floti (boya lake) inapanda na kukibana kisindano, petroli inakosa pa kwenda, daiframu inatulia ilipo na mkono unacheza bila kazi. Kwa hiyo hata ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, presha haipandi hovyo. Kwa magari mengi ya kabureta inakuwa kati ya psi 2 na 5 (psi ni kipimo cha presha).

Udhaifu wake ni mahali ilipokaa. Imebandikwa kwenye chuma cha moto na inanyonya kutoka mbali. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi. Ukiinyonya unapunguza presha ndani ya bomba, na presha ikipungua inachemka mapema zaidi. Juu ya hayo, Tabora mko karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ambako kila kimiminika huchemka mapema kuliko pwani. Weka jua la Oktoba kabla mvua hazijaanza, injini iliyotoka kuvuta mzigo, kisha uizime. Ukizima, feni na maji vinasimama, na joto lote la injini linapanda juu kwenye pampu na kabureta. Petroli iliyomo inageuka mvuke. Pampu iliyotengenezwa kusukuma kimiminika ikikutana na mvuke inaubana na kuuachia, inaubana na kuuachia, na hakuna kinachofika kabureta. Gari linawaka kwa tone lililobaki kwenye bakuli la kabureta, linakunywa hilo, linazima. Baada ya nusu saa mvuke umepoa na kurudi petroli, na safari inaendelea. Maelezo yako yanafanana sana na hali hiyo.

Yanafanana, lakini sina uhakika mpaka upime, na kipimo chako ni cha bure. Kabureta za Toyota za aina hiyo zina kioo kidogo cha duara ubavuni mwa bakuli. Gari likizima mchana, kabla hujapiga stata mara ya pili, fungua boneti utazame kwenye kioo hicho. Ukiona petroli imesimama karibu na katikati ya kioo, pampu haina kosa. Mtafute fundi wa umeme, kwa sababu koili iliyochoka hufanya vilevile: ikipata moto inakata cheche, ikipoa inarudi. Magari mengi yamebadilishiwa pampu kwa kosa la koili, na mwenye gari akalipa mara mbili. Kioo kikiwa kikavu, au kikionyesha povu, ndipo tunazungumzia njia ya mafuta. Kama kioo kimechafuka hakionyeshi kitu, toa kifuniko cha chujio la hewa, chungulia kooni mwa kabureta injini ikiwa imezima, uivute kwa mkono waya ya mafuta. Kila ukivuta unatakiwa kuona mrusho mwembamba wa petroli. Usipouona, uwezekano mkubwa bakuli ni tupu. Sigara iwe mbali, na mtu wa kupiga stata asiwepo kwenye kiti.

Kuna hali nyingine ya joto ambayo pampu yoyote haiwezi kuitibu. Gari likizimwa, petroli ndani ya bakuli inachemka na kumwagikia kooni, injini inalowa. Hapo kioo kinaweza kuwa na mafuta na harufu ya petroli ni kali. Ukikanyaga mafuta mpaka chini bila kupampu huku ukipiga stata, linawaka kwa moshi mweusi. Dawa yake ni kuangalia ile sahani nene ya kuzuia joto chini ya kabureta, kama ipo na haijapasuka, pamoja na kimo cha floti.

Tuseme kioo ni kikavu. Bado usikimbilie pampu. Fungua kifuniko cha tangi palepale. Ukisikia hewa inaingia kwa nguvu na gari likawaka, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba; vumbi la barabara ya Sikonge linatosha kabisa kufanya hivyo. Tangi lisilopumua linashindana na pampu mpaka pampu inashindwa. Halafu kagua mipira yote midogo kuanzia tangini mpaka pampuni. Upande huo ni wa kunyonya, kwa hiyo mpira uliopasuka hauvujishi hata tone. Unaingiza hewa, kama mrija wa soda wenye tundu. Dereva anapapasa chini, anakuta pakavu, anasema mipira ni mizima. Ikunje kwa vidole: ukiona nyufa, badilisha yote, na chujio pia. Kama petroli mnanunua kwenye madumu huko vijijini, nisingeshangaa chujio likiwa nusu ni mchanga.

Kipimo cha mwisho ni kitambaa. Gari likizima, lowanisha kitambaa, kikamue, uifunge pampu na bomba linaloingia. Usimwage maji kwenye kabureta wala kwenye bomba la moshi, chuma cha moto kinaweza kupasuka. Likiwaka baada ya dakika tano badala ya nusu saa, basi ni mvuke, na sasa mazungumzo ya pampu ya umeme yana maana.

Hapa nitakwambia ninavyoona mimi. Gari lililotoka kiwandani na pampu hiyo liliweza kutembea kwenye nchi zenye joto kuliko Tabora. Kama sasa haliwezi, mara nyingi kuna kitu kimechakaa: daiframu imelegea, valvu za ndani hazifungi, au mtu alibadilisha njia ya bomba akalipitisha karibu na manifoldi ya moshi. Kwa gari la kazi ningeanza kwa kufunga pampu mpya ya aina ileile, mipira mipya, chujio jipya, na kulirudisha bomba kwenye njia yake. Pampu mpya za 22R bado zinauzwa. Haihitaji waya, haihitaji rilei (swichi inayoamshwa na umeme), na injini ikizima nayo inazima. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyosikika, nitalirudia. Ila jihadhari na kukarabatiwa pampu kwa daiframu iliyokatwa kwenye tyubu ya tairi: mpira wa tyubu unavimba ukikaa kwenye petroli, na baada ya muda utakuwa umekwama porini tena.

Ukishafanya hayo na mchana bado linakusumbua, pampu ya umeme ni suluhisho halali. Inakaa nyuma karibu na tangi, mahali pa baridi, na inasukuma badala ya kunyonya. Petroli iliyo chini ya presha haichemki kirahisi kama inayonyonywa, kwa hiyo sehemu ndefu ya njia inakuwa salama dhidi ya mvuke. Faida ya pili utaiona gari likilala wiki nzima: ukipiga stata, pampu inajaza bakuli haraka, badala ya kuizungusha injini muda mrefu na kuichosha betri. Wala si jambo geni. Morris Minor zilitoka kiwandani na pampu ya umeme ya SU, ukifungua ufunguo unaisikia ikigonga tik-tik-tik mpaka kabureta ijae, kisha kimya.

Kuhusu ulaji wa mafuta, jirani yako ajue kwamba kinachopima petroli inayoingia kwenye injini ni jeti za kabureta, yale matundu yake madogo yaliyopimwa. Pampu inajaza bakuli tu. Mtu aliyefunga ya umeme akaona ulaji umepungua, uwezekano mkubwa pampu yake ya zamani ilikuwa inavuja. Nguvu nayo haiongezeki, isipokuwa kama gari lilikuwa linakosa mafuta mlimani.

Sasa ile pampu ya Corolla. Mfumo wa EFI unataka presha ya psi 35 na zaidi, ili nozeli zirushe mafuta. Kisindano cha kabureta yako kimetengenezwa kuzuia psi 3 au 4. Kikiletewa mara kumi ya hiyo kinashindwa, bakuli linafurika, petroli inamwagika juu ya manifoldi na kuteremka kwenye silinda. Hapo ndipo shemeji yako alipopata habari ya gari kuungua. Fundi anaweza kukwambia ataweka rigulata ya kupunguza presha. Zile rigulata ndogo zenye saa ya kuonyesha presha zimetengenezwa kwa pampu za presha ya chini. Ukizilisha presha ya EFI bila bomba la kurudisha ziada tangini hazihimili, na pampu yenyewe inachemka. Kisha pampu nyingi za EFI zinakaa ndani ya tangi zikipozwa na petroli. Ukiifunga nje kwenye chesisi haitadumu.

Unachohitaji ni pampu ya presha ya chini ya kabureta, ya volti 12, yenye maandishi ya psi kati ya 2.5 na 4. Zile ndogo za mraba za kampuni ya Facet ni nzuri, na madukani utakuta za duara zenye namba HEP-02A za watengenezaji mbalimbali, zingine imara na zingine za ovyo. Usiangalie sana lita. Pick-up inayokula lita 15 kwa kilomita 100, ikienda kilomita 80 kwa saa, inatumia lita 12 kwa saa, yaani robo lita kwa dakika haifiki. Karibu kila pampu ya kabureta inazidi hapo. Presha ndiyo ya kuangalia, na fundi awe na geji ya kupima mpaka psi 15, aipime baada ya kufunga.

Mahali pake ni kwenye chesisi, karibu na tangi, chini kadiri inavyowezekana, mbali na bomba la moshi na mbali na mawe yanayorushwa na tairi. Pampu hizi zinasukuma vizuri lakini kunyonya hazijui. Kabla ya pampu liwe chujio la matundu makubwa kukamata mchanga, baada yake chujio la kawaida. Mipira iwe ya mafuta, iliyoandikwa SAE J30. Ile ya plastiki inayoonyesha ndani inakakamaa na kupasuka. Na klipu ziwe klipu, si waya wa kufungia.

Umeme usichukuliwe kwenye koili. Ni njia rahisi na mafundi wengi wanaipenda, lakini Toyota nyingi za zamani zina rizista kabla ya koili, hivyo injini ikishawaka hapo hakuna volti 12 kamili. Pampu itasukuma kwa uvivu, na koili nayo itanyang'anywa umeme wake. Weka rilei: mguu wa 30 utoke kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 7.5, wa 87 uende kwenye pampu, wa 85 uende ardhini, na wa 86 uamshwe kutoka kwenye ufunguo, kupitia kinga nitakayoieleza hapa chini. Pampu ndogo inakula ampea 1 hadi 2, pungufu ya taa moja ya mbele, kwa hiyo altaneta haitasikia. Ardhi ya pampu ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu.

Halafu linakuja lile nililosema ni kubwa. Pampu ya kwenye injini inasimama injini ikisimama. Ya umeme iliyoungwa kwenye ufunguo peke yake itaendelea kusukuma maadamu ufunguo uko wazi. Umepinduka, bomba limekatika mbele, injini imezima, wewe umebanwa na usukani, na nyuma pampu inamwaga petroli juu ya bomba la moshi. Kufunga pampu ya umeme bila kinga ya hili ni kazi isiyokamilika, na mtu akikwambia si lazima, usimwachie gari. Kinga ninayoipenda ni rilei inayosoma mapigo ya koili: mapigo yakikoma, pampu inakatwa. Usipoipata, tumia swichi ya presha ya oili ya miguu mitatu, inayoiruhusu pampu pale tu oili ikiwa na presha, na kuilisha kupitia stata wakati wa kuwasha. Ina faida ya pili, kwamba oili ikiisha injini inakosa mafuta kabla haijajiua. Swichi ya kawaida ya taa ya oili inafanya kazi kinyume, inafunga presha isipokuwepo. Inawezekana kuitumia, lakini waya wake ukikatika pampu inabaki inazunguka bila kinga, ndiyo maana siipendi. Kuna pia swichi ya mtikisiko, ile inayokata gari likigongwa, utaipata kwenye Discovery au Ford zilizochinjwa. Yenyewe haitoshi, kwa sababu mpira ukipasuka bila ajali haijui. Ukiiweka, iwe mahali unapofikia kitufe chake, maana barabara mbovu inaweza kuikata.

Jambo moja la 22R ambalo fundi aliyezoea magari mengine anaweza kulisahau: pampu yako ina mabomba matatu. Moja linaingia, moja linakwenda kabureta, la tatu linarudisha ziada tangini. Hilo la kurudi linasaidia sana dhidi ya mvuke, kwa kuwa linaifanya petroli ya baridi ipite muda wote na kuondoka na mapovu. Fundi akiliziba anakutupia nusu ya faida uliyoilipia. Aweke kiungo cha T karibu na kabureta, tawi la kurudi liwe na tundu jembamba la milimita 1.5 hivi, ili mapovu yarudi na presha ibaki.

Kuhusu kuiacha ya zamani kama akiba: hapana. Ukipitisha petroli ya pampu ya umeme ndani ya pampu ya zamani, siku daiframu itakapotoboka, petroli itasukumwa moja kwa moja kwenye oili ya injini. Na ukiiacha bila mabomba, mkono unaendelea kupigwa na daiframu inafanya kazi kavu mpaka ichanike. Itoe, uzibe tundu lake kwa kipande cha aluminiamu chenye unene wa milimita 5 na gasketi, vinginevyo oili itatapakaa injini nzima. Kwa 22R kibati hicho hata kipo tayari, kwa kuwa ndugu yake 22RE ya EFI ilizibwa hapohapo. Pampu ya zamani, kama bado nzima, weka kwenye mfuko nyuma ya kiti pamoja na gasketi yake. Hiyo ndiyo akiba.

Leo jioni, injini ikiwa ya baridi, vuta kijiti cha oili ukinuse. Kama kina harufu ya petroli, au oili imepanda juu ya alama bila kuongezwa, daiframu imeshatoboka. Usiliwashe tena, hata kwenda gereji ya jirani, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi na mvuke wake unaweza kulipuka. Mwite fundi aje alipo, amwage oili na kubadilisha pampu kwanza. Vivyo hivyo ukiona unyevu wa petroli popote kwenye boneti.

Kazi ya rilei na swichi ya oili mpe fundi wa umeme wa magari, siyo wa injini anayejua umeme kidogo. Usipomwamini yeyote hapo mjini, waulize walimu wa ufundi magari pale VETA Tabora nani wanamtuma kazi. Ikishafungwa, mwambie akuonyeshe mbele yako: ufunguo wazi, injini imezimwa kwa kuchomoa waya wa koili, pampu inyamaze ndani ya sekunde chache. Isiponyamaza usimlipe. Kisha endesha mpaka Ipuli na kurudi, paki mahali pakavu, lala chini na tochi ya betri uangalie kila klipu. Kizima moto cha unga kikae ndani ya kebini ya dereva, si nyuma chini ya magunia ya karanga.